Nyaya za moyo zikishatolewa, damu isigande

Wengi wananiuliza juu ya ndugu yetu aliyerudi kutoka Ubelgiji. Alikuwa na chombo kidogo cha umeme cha kusaidia moyo kupiga. Mikrobi ziliingia, ikabidi kitolewe pamoja na nyaya zake. Kidonda kimefunga, watu wanasema amepona. Mimi nasema: bado kidogo.

Waya ule hupita ndani ya mshipa wa damu, karibu na bega, mpaka moyoni. Ukikaa miaka unashikamana na mshipa. Ukivutwa, mshipa unachubuka kwa ndani. Pale palipochubuka damu inaweza kuganda. Mkono wa upande ule ukivimba, ukiuma ao ukibadilika rangi, tusingoje kesho. Na bonge la damu likikatika likaenda mapafuni, mtu anakosa pumzi ghafula, kifua kinauma. Hapo ni hospitali usiku ule ule.

Basi atembee, asilazwe kitandani siku nzima kama mgeni wa heshima! Vidole na kiwiko avichezeshe. Kuinua mkono juu na kubeba mizigo, afuate munganga alivyosema. Dawa ya kuzuia damu kuganda si kila mtu anapewa, maana kidonda chaweza kutoka damu. Lakini ukipewa, usiiache kwa sababu tu unajisikia vizuri.

Ndugu yetu anameza warfarini, na hatari iko hapa kwetu. Bactrim na Flagyl, zile tunanunua bila karatasi ya munganga, zinaizidisha nguvu mpaka mtu atoke damu. Aspirini na ibuprofeni nazo zinaongeza hatari hiyo. Hata sindano ya matakoni, aulize kwanza. Sombe hatumkatazi. Mboga za majani zinapunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo ale kiasi kile kile kila juma, si sahani tatu leo na kisha mwezi mzima bila.

Kipimo cha damu kinachofuatilia dawa hiyo kinaitwa INR. Kwa wengi kinatakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kwenye kituo chetu cha afya hakipo. Naomba sanduku letu limlipie safari ya mjini na kipimo mpaka munganga aseme basi. Risiti nitazishika mimi, na kila mwenye kuchanga ana ruhusa ya kuziona.