Gesi ya AC: Ziba Kwanza, Jaza Baadaye

Kwenye gereji za Kahama na Geita mjini, jua likiwaka, ombi ni lile lile: “Fundi, nijazie gesi, AC haipozi.” Fundi anajaza, gari linaondoka, na baada ya miezi michache linarudi. Gesi ya kwanza imekwenda wapi? Angani.

Magari mengi yaliyotumika tunayoagiza Japani yana gesi iitwayo R-134a. Ilichukua nafasi ya R-12 iliyoharibu tabaka la ozoni. Ozoni haiigusi, ila kilo yake moja inapasha dunia, kwa miaka 100, sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Gari dogo hubeba kama nusu kilo. Ikivuja yote, ni kama umechoma lita 300 za petroli gari likiwa limeegeshwa!

Ulaya iliiondoa R-134a kwenye magari mapya mwaka 2017. Mengi sasa yana R-1234yf, ambayo ni ghali. Makubaliano ya kimataifa yaitwayo Marekebisho ya Kigali, ya 2016, nayo yanataka nchi kama yetu zipunguze matumizi ya gesi za jamii ya R-134a kwa asilimia 80 ifikapo 2045.

Hapa kwetu, migodi yenye misururu ya magari inaweza kuanza: iagize magari ya gesi mpya, na karakana zake ziwe na mashine ya kunyonya gesi kuukuu. Mwenye kigari chake asichanganye gesi, wala asikubali ile ya jamii ya gesi ya kupikia; inalipuka. Kabla ya kulipa, amdai fundi atafute tundu.