Somo la Redio: Chenga na King'amuzi

Somo letu la leo lahusu televisheni inayopokewa kwa antena. Watu wengi huuliza: "Zamani picha ilikuwa na chenga, lakini tuliiona. Siku hizi ni safi kama kioo, halafu ghafula hukatika yote. Kwa nini?"

Mitambo ya zamani, iitwayo ya analojia, ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012. Mtindo wa sasa huitwa dijitali, nao wahitaji king'amuzi.

Analojia ni kama mtu akuitaye kutoka ng'ambo ya shamba. Kadiri awavyo mbali, sauti hufifia na kuchanganyika na upepo. Lakini neno moja moja utalisikia. Ndizo zile chenga.

Dijitali hupeleka picha kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na king'amuzi huzisoma. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni: MJO_BA ANAK_JA KESHO.

Herufi mbili zimefutika, lakini mmesoma bila shida. King'amuzi hufanya vivyo hivyo: tarakimu chache zikipotea njiani, huzisahihisha, na picha hubaki safi. Sasa andika: M____A A_____A K____.

Nani anafanya nini? Hakuna ajuaye. Basi tarakimu zikipotea nyingi, king'amuzi nacho hushindwa. Picha huvunjika vipande vipande, huganda, kisha hutoweka.

Hapa Chalinze tuko kama kilomita 100 kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo tukumbuke mambo mawili. Picha safi haithibitishi kwamba mawimbi ni mengi. Huenda yanatosha kwa shida. Tena, kioo kikiwa cheusi, si lazima televisheni iwe imekufa. Kabla hujauza mbuzi ununue nyingine, fanya haya:

1. Pandisha antena ipite bati na miti.
2. Ielekeze kwenye mnara.
3. Kaza viungo vya waya, maji yasiingie.
4. Fungua ukurasa wa king'amuzi upimao ubora wa mawimbi. Geuza antena polepole, ukingoja kidogo kila mara, maana king'amuzi huchelewa kujibu.

Maswali ya kuandika daftarini:
1. Chenga zilitoka wapi?
2. Kwa nini picha ya dijitali hukatika ghafula?
3. Antena ya nyumbani kwako imeelekea wapi?

Kwaherini.