Kondoo wa Mlimani Asiye na Miguu



Katika milima ya Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, mchungaji atafutaye kondoo waliopotea huweza kuona kwa mbali migongo myeupe imelala juu ya mawe. Hupanda hadi jasho likamtoka, na afikapo hukuta mimea mitupu. Kwa hiyo mmea huo umeitwa kondoo, ingawa wataalamu huuita Raoulia eximia, kwa heshima ya Étienne Raoul, mganga wa manowari ya Kifaransa aliyekusanya mimea huko katika miaka ya 1840. Jamii yake ni ile ya alizeti.

Mmea mmoja ni vijitawi vingi mno vilivyosongamana kama mto wa kulalia, na upana wake waweza kupita futi tatu. Weupe wake ni wa vinyweleo laini vifunikavyo majani, vikiyakinga na jua kali na upepo. Majani makuukuu huozea ndani, yakashika maji kama sifongo.

Kondoo huyo hafugiki kwa urahisi. Hata mabingwa wa bustani hushindwa naye. Lakini mdogo wake, Raoulia australis, utandaao kama mkeka wa fedha usiofika inchi moja kwa kimo, hukubali. Kwao huota katika changarawe za mito, na mkulima akumbuke jambo hilo kabla ya kushika jembe.

Basi, chungu kiwe na tundu. Udongo uwe fungu moja na changarawe ndogo mafungu mawili, bila samadi. Kiwekwe penye jua la kutwa, na kokoto zitandazwe chini ya majani ili yasiguse udongo wa maji. Chungu kikalishwe katika sinia la maji hadi udongo unywe, kisha kiondolewe. Kumwagia majani kila jioni ni huruma iuayo: vinyweleo hushika maji, mmea ukaoza tangu katikati. Huko Uingereza wakulima huufunika kwa kioo wakati wa baridi, si kwa kuogopa theluji, bali mvua. Pande huachwa wazi, upepo upite.

Doa la kahawia likionekana, likatwe lote mara moja, na pengo lijazwe mchanga. Kipande kizima chenye mizizi, kikitolewa ukingoni baridi inapokwisha, chaweza kupandwa katika chungu kingine.