Ameingia Mitini: Hesabu za Nyumba Mimba Ikiwa Njiani



Nimeombwa na semina hii ya watendaji wa kata, maafisa ustawi wa jamii, makatibu na waweka hazina wenzangu wa vikundi vya Handeni na Korogwe nizungumzie fedha za nyumba pale mwanamume anapoondoka mwenzake akiwa mjamzito. Mimi si mwanasheria wala si mchumi. Ninaandika vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa, na kwa miaka kadhaa nimekaa mezani na akina mama ambao waume zao, kama tusemavyo, wameingia mitini. Mwingine amekwenda machimboni kutafuta. Mwingine amepata kibarua Dar es Salaam, simu ikaita wiki mbili, ya tatu haipatikani. Mwingine hata hakwenda mbali, yuko Segera na nyumba nyingine. Mifano nitakayotoa nimeiunganisha kutoka kwa akina mama kadhaa ili asitambulike mtu.

Jambo langu ni hili. Tunapomwona mama wa namna hiyo, swali la kwanza tunalomuuliza ni atapata wapi hela. Mimi naona tumeanzia mbali. Mwanamume huyo hakuondoka na hela tu. Ameondoka na hesabu. Yeye ndiye aliyejua kodi imelipwa mpaka lini, dukani kwa Mangi kuna deni gani, pikipiki ya mkataba imebakiza marejesho mangapi, na nani alimdhamini nani. Mama amebaki na nyumba asiyoijua. Ukimpa laki mbili leo, kesho kutwa watakuja watu watatu kuidai, na hana cha kuwajibu.

Kwa hiyo kazi ya wiki ya kwanza ni kuuliza na kuandika, kabla ya kukopa chochote. Aende kwa mwenye nyumba aulize kodi inaishia tarehe ngapi, maana wengi hapa hulipisha miezi mitatu au sita kwa mkupuo na tarehe anayo baba peke yake. Aende kwa Mangi aombe lile daftari la madeni, asome mwenyewe jina la "Baba Fulani", amwambie kwa adabu kuwa kuanzia leo deni jipya lisiandikwe bila yeye kuwapo. Aende kwenye kikundi aulize hisa ziko kwa jina la nani. Kisha laini ya simu. Usajili wa alama za vidole ulipokazwa na laini zikaanza kuzimwa Januari 2020, wako akina mama waliokuwa hawajapata kitambulisho cha NIDA, wakasajiliwa kwa namba ya mume. Mama anaamini akiba iko kwenye simu yake, kumbe laini ni ya mtu mwingine kisheria, na siku mwenyewe akitaka anakwenda kuifanyia mabadiliko na kuondoka na kilichomo. Kitambulisho na laini kwa jina lake mwenyewe ni hatua ya kifedha sawasawa na kufungua akaunti.

Halafu kuna udhamini. Mezani kwetu hapo ndipo machozi hutoka, kwa sababu mama alitia dole gumba kwenye karatasi ya mkopo wa mume bila kuisoma, akidhani anashuhudia tu.

Wiki, siyo mwezi

Mjamzito ana kitu kimoja ambacho wakopaji wengine hawana: tarehe. Kadi ya kliniki inaonyesha tarehe ya matarajio. Hesabu yake basi isiende kwa mwezi, iende kwa wiki, kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Mimba ni wiki 40, na baada yake kuna wiki sita za arobaini ambazo hatarajiwi kusimama jikoni wala sokoni.

Tumchukue mama wa wiki ya 22. Zimebaki 18. Tuliketi tukaandika mahitaji yake kwa bei za siku ile. Serikali imesamehe wajawazito ada katika vituo vyake, lakini kila aliyezaa anajua begi linalotakiwa wodini: glavu, pamba, wembe, kamba ya kitovu, mpira wa kutandika, beseni. Tukaweka 45,000. Kanga na nguo za mtoto 40,000. Nauli za kliniki 18,000. Chakula na mkaa wa wiki sita za uzazi, 25,000 kwa wiki, zikawa 150,000. Dharura 35,000. Jumla 288,000. Gawanya kwa wiki 18, unapata 16,000 kila wiki.

Mama huyu anapika vitumbua karibu na stendi. Nilipomuuliza faida akajibu bila kusita, elfu tano na ushei kwa siku. Nikamwomba tuandike. Mchele kilo tatu, 7,200. Nazi tatu, 3,000. Mafuta nusu lita, 3,000. Sukari nusu kilo, 1,500. Hamira na iliki, 500. Mkaa, 1,500. Jumla 16,700. Vitumbua vilitoka 220, kimoja shilingi mia: 22,000. Kweli, kwenye karatasi faida ni 5,300. Sasa nikauliza, jana jioni mkononi ulikuwa na ngapi? Akahesabu noti: 19,500. Vitumbua 15 vililiwa nyumbani na watoto kabla ya shule, kumi vilichukuliwa na vijana wa bodaboda "nitakupa kesho, mama". Faida iliyo mkononi ni 2,800. Kwa siku sita za kazi ni 16,800 kwa wiki, wakati hesabu yetu ya uzazi peke yake inataka 16,000. Zinabaki 800 za kulisha nyumba nzima na kulipa kodi.

Alinyamaza, kisha akasema: "Kumbe watoto wananila mtaji." Sikubaliani naye. Watoto wamekula kifungua kinywa, na kifungua kinywa lazima kiandikwe kama chakula cha nyumba, siyo kiitwe hasara ya biashara. Tatizo lake ni wale vijana wa "kesho". Lakini hata angewabana wote, angepata elfu moja tu zaidi kwa siku. Hapo ndipo hesabu inasema kitu ambacho huruma haisemi: biashara hii haiwezi kuibeba nyumba hii peke yake, na kuamka saa tisa usiku badala ya saa kumi hakutabadilisha jibu. Lazima kitu kingine kiingie au gharama moja kubwa itoke.

Gharama kubwa inayoweza kutoka ni kodi. Wengi hurudi kwao kujifungua, na huku kwetu hilo halina aibu. Wazigua wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Uziguani mtoto hazaliwi akakosa ukoo, na mjomba ana neno lake. Korogwe tumechanganyika zaidi, Wasambaa, Wazigua, Wabondei na waliokuja na mashamba ya mkonge, na mambo hutofautiana nyumba kwa nyumba. Ninachoomba ni kwamba kurudi nyumbani nako kuandikwe. Bibi wa Handeni aliyevuna gunia nne za mahindi baada ya masika amejipangia midomo mitatu, siyo mitano. Mama akifika na watoto, wakae na mjomba waseme wazi gunia ngapi zinahitajika mpaka mavuno yanayofuata na nani atanunua la ziada. Nimeona ugomvi mkubwa uliotokana na debe mbili za mahindi ambazo hakuna aliyezisema.

Kuhusu mikopo nitapita haraka. Mkopo wa kausha damu ni kausha damu kweli. Ukichukua 100,000 ukarejesha 130,000 ndani ya siku 30, umelipa asilimia 30 kwa mwezi, wakati kikomo kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5. Mjamzito wa wiki ya 30 akichukua mkopo wa marejesho ya kila wiki, marejesho yatamkuta wodini. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wanawake haina riba. Ilisitishwa 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata. Lakini ni fedha ya kikundi na ya mradi, haifai kupangiwa glavu na kanga. Kwa nauli ya dharura, mama ajue namba 115 ya m-mama. Kupiga ni bure, na usafiri wa kumpeleka mjamzito au mzazi aliyepata dharura haulipiwi. Ile 35,000 tuliyoweka inapata nafasi ya kupumua.

Walio vibarua kwenye mashamba ya mkonge wasikubali kuambiwa "wewe pumzika, utarudi ukishajifungua." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kwa mapacha. Wa msimu nao wana haki kwa masharti yake. Waulize kabla ya kuacha kwenda kazini, siyo baada.

Daftari mbele ya hakimu

Sasa kitu kinachoweza kuingia. Wengi bado wanaamini kuwa madai ya matunzo ni kupoteza muda, na imani hiyo ina asili yake. Kwa miaka mingi sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja, yaani bei ya kitumbua kimoja. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliifuta. Sasa mahakama hutazama kipato cha wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Na maombi yanaweza kupelekwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Aliyeishi na mwanamume miaka miwili au zaidi, wakajulikana mtaani kama mke na mume, ana pa kushika pia katika Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, hata kama mahari haikutolewa. Mwislamu aliyepewa talaka akiwa na mimba, eda yake ni mpaka ajifungue na matunzo yake yako juu ya mume mpaka hapo. Hilo halihitaji wakili, linahitaji sheikh asiyemwogopa mtu.

Mlango wa kwanza ni ofisi ya ustawi wa jamii. Mwanamume akikataa mtoto, ni ustawi au mahakama itakayowapeleka kwenye kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu haendi mwenyewe tu kama anayepima malaria.

Mnakumbuka Aprili 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipowaita akina mama waliotelekezwa wafike ofisini kwake. Walifurika. Kilichonivutia kwenye picha zile ni mikono. Wengi walikuwa wamebeba watoto, wachache walikuwa wamebeba karatasi. Ukiulizwa "unatumia kiasi gani kwa mwezi" ukajibu "nyingi, mheshimiwa", umempa mwenzako nafasi ya kusema elfu kumi inatosha. Ukifungua daftari, tarehe kwa tarehe, nauli ya kliniki, dawa, mkaa, hakimu ana kitu cha kukisoma. Ndiyo maana namwambia kila mama: baba akituma hela, atume kwa simu, asilete mkononi, na ujumbe usifutwe. Ukikubaliana naye ustawi, kiasi na tarehe viandikwe.

Daftari linakata pande zote mbili: linaonyesha pia ulichopewa na ulivyokitumia. Shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983 tunalitaja kila semina, kwa sababu Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Tunasahau kusimulia mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwani mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia zilitumika ovyo. Wanawake wa nchi nzima walifaidika na hukumu ambayo yeye alitoka nayo mikono mitupu.

Nimalizie na jambo la kwetu sisi makatibu. Nimepitia katiba za vikundi kadhaa vya wilaya hizi mbili. Mfuko wa jamii unatoa kwa msiba wa mzazi, msiba wa mwenza, kulazwa, hata kuunguliwa nyumba. Uzazi, kama umo, ni zawadi ya sabuni na kilo mbili za sukari. Kwenye kikundi changu nilipendekeza mwanachama anayejifungua asimamishiwe marejesho kwa wiki sita bila faini, na asiye na mwenza apate fungu sawa na la msiba. Mzee mmoja akasimama akasema, "Binti yangu, ukiweka hivyo, wanaume watazidi kukimbia." Mama aliyekaa nyuma, mgongoni ana mtoto, akamjibu: "Baba, walikimbia na faini ikiwepo."

Pendekezo liliahirishwa. Linarudi mezani kwenye mkutano wa kuvunja mzunguko, na ningependa baada ya chai tuandike pamoja maneno ya kifungu hicho, ili kila katibu aondoke nayo.