Misamaha ya masomo ya mawakili California

Jimbo la California, Marekani, humtaka wakili ahudhurie saa 25 za masomo ya sheria kila miaka 3. Wapo wanaosamehewa, wakiwemo viongozi wa kuchaguliwa wa jimbo na maprofesa wa sheria wa muda wote; zamani walikuwemo pia majaji wastaafu. Wakili mmoja aliyezuiwa kufanya kazi kwa kutotimiza masomo hayo alikwenda mahakamani akidai ubaguzi. Mahakama ya rufani ilimpa haki, lakini mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua hukumu hiyo: makundi hayo, ilisema, kwa kawaida hayashughuliki na wateja muda wote. Kwa profesa, hoja inakubalika. Kwa jaji mstaafu aliyerudi kutetea watu ilikuwa dhaifu, kwani mteja wake naye anahitaji wakili anayezijua sheria mpya.