Taarifa si Ombi: Mwananchi, Polisi na Haki ya Kuandamana Kenya



Kuna maneno mawili ambayo polisi wetu huyachanganya kila tunapotaka kuandamana: kibali na taarifa. Aombaye kibali aweza kunyimwa. Atoaye taarifa ameshaamua. Anakuarifu ili nawe ujipange. Damu nyingi ya nchi hii imemwagika kati ya maneno hayo mawili.

Sheria ya Utulivu wa Umma ni ya mwaka 1950, sheria ya mkoloni, na ilitaka mkutano wa hadhara upewe leseni. Tulipopata uhuru tuliirithi kama ilivyo. Mwaka 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliomba kuhutubia wananchi katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kuhusu vyama vingi. Walinyimwa, kisha wakatiwa kizuizini siku tatu kabla ya mkutano wenyewe. Watu walikwenda hata hivyo, tarehe 7 Julai, na wengine hawakurudi nyumbani. Ndiyo Saba Saba.

Lakini wanaonifundisha zaidi ni akina mama wa 1992. Tarehe 28 Februari, mama za wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka vijijini, wakiwa na mwanaharakati Wangari Maathai, walimpelekea Mwanasheria Mkuu Amos Wako barua ya madai: wana wetu waachiliwe. Walipotoka ofisini kwake walikwenda Uhuru Park, wakaketi, wakagoma kula. Hawakumwuliza mtu kama wanaruhusiwa kuketi. Pembe ile ya bustani ikaitwa Freedom Corner.

Tarehe 3 Machi polisi waliwajia na rungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa mpaka akazirai. Hapo baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Aliyelelewa na wazee wetu anajua uzito wake: mama akimvulia nguo kijana wa rika la mwanawe, amemlaani. Mji huu wa Nairobi ulikuwa umeliona jambo hilo kabla. Tarehe 16 Machi 1922, umati uliokuwa ukidai mwanasiasa Harry Thuku afunguliwe ulipoanza kusitasita nje ya kituo cha polisi, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua vazi lake, akawaambia wanaume wachukue gauni lake, wampe yeye suruali zao. Askari walifyatua risasi, naye akafa pale. Serikali ilihesabu maiti 21; wengine walisema ni zaidi. Kutoka siku ile hadi Freedom Corner ni miaka 70, na bendera mbili.

Akina mama wa 1992 walihamia Kanisa la All Saints, jirani na bustani, wakakaa humo hadi mapema 1993, wana wao karibu wote walipokuwa wametoka. Rais Moi alikuwa na miaka 14 madarakani. Dola nzima ilishindwa kuwachosha.

Mwaka 1997 Bunge liliiondoa ile leseni. Tangu hapo mwandalizi humpelekea OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, taarifa, siku 3 hadi 14 kabla, na OCS hana sababu ya kuikataa ila kama mwingine ameshatoa taarifa ya mahali na saa ileile. Katiba ya 2010, Kifungu cha 37, ikatia muhuri: kila mtu, kwa amani na bila silaha, ana haki ya kukusanyika na kuandamana. Hata hivyo, Julai 17, 2024, baada ya wiki za maandamano ya vijana kuhusu Mswada wa Fedha, polisi walipiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi kwa hoja kwamba hayana viongozi. Siku ya pili Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo. Kufikia Julai mosi, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeshahesabu vifo 39.

Rais William Ruto aliingia siasani mwaka huohuo wa akina mama, katika YK'92, kundi la vijana waliompigia Moi kampeni. Julai 2025 alisema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu, aende hospitali, kisha mahakamani. Namjibu kwa heshima ya kiti chake. Kuchoma duka la mtu ni kosa, na hukumu ya kosa hutolewa na hakimu. Paja lina mshipa mkubwa wa damu. Ukikatwa, mtu aweza kufa kwa dakika chache, kabla ya hospitali na kabla ya mahakama. Tena askari anayefyatulia umati unaokimbia hana namna ya kuchagua mguu.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Taarifa ya maandamano ikifika kituoni, OCS aipige muhuri, aandike saa, apange askari wa kuongoza magari. Na Rais ayafute maneno ya mguu, hadharani, kama alivyoyatamka.