Bomba Yenye Haiko ku Ramani

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa mwungano, Goma

Asante zaidi kwa wale wametoka Mugunga na Munigi kwa miguu.

Komite imeniomba niongee juu ya somo la kuchora ramani kwa mashini, lile tulisoma mwaka wa kwanza ku iniversite pamoja na wawili watatu wenye wameketi pale nyuma. Mutu anaweza kuuliza: sisi tunapigania maji, njia, usalama, ramani inaingia wapi? Inaingia hapa. Kila mara tunaenda ku biro ya serkali tunasema, "Maji haiko mu kartie." Na kila mara wanatujibu, "Maji iko." Sisi haiko, wao iko, kisha tunarudi nyumbani na bidoni tupu. Lakini ile siku unaweka karatasi juu ya meza, unaonyesha kwa kidole bomba hii, na hii, na hii, na tarehe ulizipitia, mazungumzo inageuka. Nitawaeleza namna tulifika pale, na pia fasi tulikwama, juu kule kukwama njo kulitufundisha zaidi.

Tuanze na somo lenyewe. Liliandikwa ku programu kuwa saa 45. Auditwari ilijaa mpaka ku dirisha, mashini zilikuwa za kuhesabu, na umeme ulikuja siku yenye ulitaka. Asistanti alikuwa mutu mwenye moyo, lakini bila umeme angefanya nini? Alichukua chaki akachora ekra ya mashini ku ubao: hapa kuna menyu, hapa kuna matabaka, hapa munabonyeza panya upande wa kuume. Sisi tukachora ile ekra mu kaye zetu. Ku mtihani wakatuuliza kwa Kifaransa: taja hatua za kufungua tabaka mpya. Kuna watu walipata poenti 16 ku 20 bila kugusa ile programu hata mara moja. Simcheki mwalimu. Ninashangaa inchi yenye koltani yake inaingia mu simu za dunia nzima, na watoto wake wanajifunza mashini kwa chaki.

Kilichotuokoa ni simu. Wengi tulikuwa tunaamini kama GPS inakula mega. Haikule. Simu inasikiliza setilaiti zenye zinapita juu, ikisikia nne vizuri inajua fasi uko, tofauti ya metre chache tu kama uko fasi wazi. Bila mega, bila inite. Unashusha ramani mara moja pale kuna wifi, ku programu sawa OsmAnd ao Organic Maps, kisha unatembea nayo muji mzima. Lile halikuwa ku silabusi, tuliligundua sisi kwa sisi chini ya muti.

Na ramani ile ni ya bure kweli. Inaitwa OpenStreetMap, ilianza Uingereza mwaka 2004, na mutu yeyote anaweza kuongeza njia yake, shule yake, soko lake. Wakati tetemeko lilibomoa Port-au-Prince mu mwezi wa kwanza 2010, watu wa kujitolea wenye hawajafika Haiti hata siku moja walichora njia za ule muji toka ku picha za setilaiti kwa siku chache, na waokoaji wakazitumia. Programu ya QGIS nayo, ile tulichoraga ku ubao, ni ya bure. Musikubali mutu awauzie kopi ya kuiba ya programu ingine akisema ya bure haina nguvu.

Basi, umeme ukarudi wiki mbili na tukaanza kazi yenyewe. Kicheko kilikuwa mingi. Goma iko kusini ya ikweta, karibu digri 1,68, na mashariki digri 29,2. Kusini inaandikwa na alama ya kutoa. Mwenzetu mumoja alisahau ile alama, Rond-point Chukudu ikahamia mu pori la Ituri, pande za Mambasa. Mwingine akageuza namba mbili, ya kwanza ikakuwa ya pili, kartie yake nzima ikaenda kulala mu jangwa la Algeria. Tena kuna hii ya kuudhi: mashini zetu ziko mu Kifaransa, zinaandika koma, na programu inataka nukta. Koma moja, safu zote zinavurugika. Na lebo za OpenStreetMap zote ziko mu Kingereza. Tunasoma kwa Kifaransa, fasi tunaziita kwa Kiswahili, na bomba inaandikwa kwa Kingereza. Hata ile kanjia ka miguu kati ya kuta mbili, kenye watu wawili hawawezi kupishana, lebo yake ni "highway". Mama yangu angesikia hivyo angecheka mpaka machozi.

Kisha kila mutu akafungua kartie yake. Pale auditwari ilinyamaza. Katikati ya muji kulijaa majina: hoteli, banki, biro za mashirika. Ukipanda juu, pande zetu, unaona vipande vidogo vidogo vya kijivu. Ni mapaa. Yalichorwa na watu wa mbali wenye waliona toka juu, na ninawashukuru kabisa, kazi ile inachosha. Lakini avenyu haina jina. Shule haiko. Kituo cha afya haiko. Bomba hata moja haiko.

Picha ya toka juu inaona mambo fulani vizuri sana. Volkano ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 inaonekana sawa mutu alimwanga rangi nyeusi, toka Nyiragongo mpaka Kibati na Buhene, karibu ifike ku uwanja wa ndege. Ile ya 2002 yenye ilipita katikati ya muji, leo iko chini ya nyumba, watu walijenga juu yake na mawe yake. Lakini setilaiti haioni mazuku. Mazuku ni neno letu, wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanaliandika hivyo hivyo mu vitabu vyao. Ile hewa inatoka chini, ni nzito, inalala mu mashimo na mabonde madogo, zaidi asubuhi wakati hakuna upepo. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mutoto anamfuata mbuzi. Hakuna rangi ya kuona toka juu. Mwenye anajua ni bibi wa pande za Bulengo, anajua shimo gani na saa gani. Mwenzetu mumoja alitembea na bibi yake asubuhi mbili akapata mashimo yenye hakuna karatasi hata moja ya muji tuliyoiona iliyoonyesha. Kwangu ile ilikuwa kazi bora ya promosyo nzima, na asistanti naye alikubali.

Sisi tulichagua bomba. Sababu munaijua: hapa kolera haijawahi kuondoka. Wazazi wetu wanakumbuka 1994, wakati wakimbizi walipovuka toka Rwanda, watu walikufa kwa maelfu mingi mu siku chache tu. Na mu historia ya somo hili kuna daktari wa London, John Snow, mwenye mwaka 1854 alifuata vifo vya kolera vya kartie moja, akaona vinazunguka bomba moja ya Broad Street. Wakatoa mkono wa ile bomba, kisha akaweka vile vifo ku ramani. Wakubwa wengi wa wakati ule waliamini kama kolera inatoka mu hewa mbaya. Yeye alikuwa na karatasi yenye inaonyesha fasi.

Tulitoka siku za mposho nne, wawili wawili, msichana na kijana, juu mama hataongea sawasawa na vijana wawili wanaume mu parsele yake. Kila bomba tuliandika: iko fasi gani, inatoa maji leo ao haitoi, siku ngapi mu wiki, nani anaifunga na ufunguo. Tulijifunza kama neno "bomba" linaficha mambo mingi. Kuna yenye inatoa saa nane ya usiku peke yake, na wasichana wanatoka saa ile na bidoni. Kuna yenye ilifunguliwa na makofi na kamera, na chini yake hakuna mpira wa maji. Kuna ya mutu binafsi yenye inalisha avenyu tatu. Sasa unaiweka ku ramani namna gani? Iko ao haiko? Wenye biro wanahesabu zote kuwa ziko, njo maana wanatujibu "maji iko".

Siku ya tatu tulifika kwa mama mumoja mwenye anauzisha makala. Bomba iko mbele ya mulango wake. Tulijieleza, tukaonyesha kadi za iniversite. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Hapa nilifika kisha volkano ya 2002. Kila mara mutu anakuya na karatasi, nyuma yake anakuya mwenye rangi nyekundu, anapiga msalaba ku ukuta. Bomba muandike. Nyumba yangu muiache."

Mwenzangu akamwambia kwa heshima: mama, nyumba yako iko tayari ku ramani, ilionekana toka juu. Akamuangalia kidogo. "Mwenye anaona paa hajui jina langu."

Ile jioni tuligombana mpaka giza. Mumoja wetu anasoma sheria, akasema kila kitu kiwe wazi, raia ana haki ya kujua, tukianza kuficha tunafanana na wale tunawapinga. Mwingine akauliza: ramani ya wazi inasomwa na nani? Na sisi, ndiyo. Na serkali. Na mwenye anatafuta parsele ya kunyang'anya, na mwenye silaha mwenye anataka kujua wakimbizi wamelala wapi. Ile swali haikuwa mu saa 45. Walitufundisha kuweka alama, hakuna mwenye alitufundisha kuacha kuiweka.

Tulifikia hii, na hata leo hatukubaliani wote: bomba, njia, shule, vituo vya afya, mazuku, hivyo vinaenda ku ramani ya wote. Majina ya watu, namba za simu, nani anaishi peke yake, kambi za wakimbizi nyumba kwa nyumba, fasi za waaskari wa upande wowote, hivyo hatuviandike hata mu kaye. Juu kaye inanyang'anywa ku barieri. Na shefu wa avenyu pamoja na wamama wa bomba wanaona karatasi mbele ya mutu mwingine yeyote. Mwenzetu wa sheria anaona tumerudi nyuma. Mimi ninaona yule mama alikuwa na haki, amekwisha ona misalaba mingi kuliko sisi.

Tulitoa ramani ku karatasi ya A3, rangi mbili tu, bluu kwa bomba yenye inatoa, nyekundu kwa yenye haitoi. Tukaipeleka ku biro moja yenye mambo ya maji inaihusu. Tulingoja saa mbili na nusu ku korido. Mukubwa akavaa miwani, akatafuta avenyu yetu, akasema: "Lakini hii avenyu haiko ku plan yetu." Alisema ile sawa mutu mwenye anatukosoa. Tukamwambia: ndiyo, papa, njo maana tumekuja. Akanyamaza. Kisha akauliza kama anaweza kubaki na karatasi. Tukasema anaweza, na sisi tunabaki na kopi yenye stempu na tarehe. Kupata stempu ilikuwa saa ingine moja.

Bomba moja imetengenezwa kisha pale. Moja. Na haiko ile ya kwanza ku listi yetu. Sijui kama ni sababu ya karatasi ao ni bahati, sitawadanganya. Kitu ninajua ni kama tukirudi, hawatatuambia tena kama avenyu haiko, juu stempu yao iko chini ya jina lake.

Sasa, kazi. Mposho hii tunaanza pande za Bujovu, saa mbili asubuhi. Watu kumi na wawili wanatosha, wasichana sita na vijana sita, wale wengine wiki inayofuata. Shusheni ramani mbele, usiku, pale kuna wifi, na mucharje simu vizuri. Hakuna kuvaa gilet yenye inafanana na ya shirika, watu wataanza kungojea bidoni na sabuni. Hakuna kupiga picha ya nyumba. Mutu akikataa, munamwambia asante na munaendelea. Ile bomba ya mbele ya mama wa makala nitaipitia mwenyewe na ramani yenye stempu, juu aliomba kuiona. Wenye maswali juu ya simu ya zamani, tuongee pale inje, juu hapa wanataka kufunga sale.